Kapu la Fungu la Kumi

Padri mmoja aliwahi kuniambia kwamba kisasi ni cha Mungu. Nikamjibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, mimi niko nyumbani tu. Hakucheka. Mimi pia sikuwa nimetania sana.

Nyumbani kwetu kulikuwa juu ya Kinole, mahali ambapo mlima umesimama wima kiasi kwamba mwenye shamba la juu akiangusha gimbi, mwenye shamba la chini anabandika chungu. Wakati huo ulikuwa wa Mjerumani, kabla ya vita kubwa. Kila nyumba ilidaiwa kodi, na jumbe alipita na askari kuikumbusha miguu yetu njia ya kwenda Boma la Morogoro. Misheni walikuwa wamenipeleka shule yao ya bondeni, nikasoma mpaka madarasa ya juu, watu wakaanza kunisalimia kama mwalimu au karani wa reli wa kesho. Nikarudi na kikohozi. Kikohozi kikaisha, mimi nikabaki.

Kijiji kikaniita mwali, mimi mwanamume mzima. Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani muda mrefu asionwe na watu, na mimi nilionwa kwa nadra kuliko yeye. Mwanamume wa Kiluguru huoa akahamia kwa mkewe, lakini kila nilipotajiwa mchumba nilijiuliza kama huko kwao kuna moto mzuri. Mama, ambaye alikuwa mjane na alipaswa kunitetea, aliwasaidia. "Mwali wangu," alikuwa akisema, "sogeza kuni kabla hujaota mizizi."

Basi kutoka jikoni, nilikoshinda kando ya moto, nilimwona vizuri mwalimu wa dini alipokuja na kapu lake.

Ili ubaya wake ueleweke, lazima niseme kwanza habari ya ngoto. Huku ardhi ni ya koo, na ukoo huhesabiwa kwa mama. Anayelima ardhi ya ukoo usio wake humpelekea mkuu wa ukoo ule ngoto: kapu la maharage mapya, pengine kuku, pengine kibuyu cha pombe. Ngoto haipimwi. Ukileta kidogo mwaka mbaya, mkuu anashukuru. Ukileta kidogo mwaka mzuri anashukuru vilevile, ila watu wote wanajua. Mama alipobatizwa aliielewa dini kwa njia hiyo. Mungu ndiye mwenye milima yote, basi kila mgomba ulipokomaa mkungu wa kwanza ulikwenda kanisani, mama ameubeba kichwani mwenyewe, na njiani alikuwa akiimba. Hakuna aliyemwagiza.

Mwalimu wa dini alitokea upande wa Mlali, akaoa kijijini kwetu, akapewa kanisa letu la udongo alitunze. Padri mzungu alipanda kwetu mara chache kwa mwaka, na siku zilizobaki zote mwalimu ndiye aliyekuwa kanisa. Alivaa kanzu na kofia nyeupe, na alipopima kitu alifumba jicho moja kama mtu anayelenga ndege.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwalimu. Kaa, kuna gimbi."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kwa ajili ya fungu la kumi."

"Mkungu niliuleta Jumapili."

"Mkungu ule ulikuwa wa mapenzi yako. Fungu la kumi ni la Mungu."

"Kwani mapenzi yangu hayamfai?" mama akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

Mwalimu akafumba jicho. Alipima maharage kwa bakuli letu, bakuli tisa kurudi kwa mama, la kumi kwenye kapu. Bakuli za mama zilikuwa sawasawa na ukingo. La kumi lilikuwa na mlima juu yake, Uluguru mzima. Akamaliza maharage akaingia mayai, akamaliza mayai akatazama mchicha, na kuku wetu, ambaye hakuwa hata amebatizwa, akajificha chini ya uchaga.

Nikaona sasa ni wakati wa elimu yangu kutoka nje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwali."

"Naomba kuuliza. Hao Walawi wa zamani walipewa fungu la kumi kwa sababu hawakugawiwa ardhi. Wewe una shamba, na Jumamosi tunakulimia sisi."

"Umesoma."

"Kidogo. Tena nimesoma kwamba kila mwaka wa tatu fungu lile liliachwa palepale kijijini, likaliwa na wageni, yatima na wajane. Mama yangu ni mjane. Kwa hesabu hiyo, kapu lako lilitakiwa kuja limejaa na kuondoka tupu."

Mama akainamia moto, mabega yakimtikisika. Mwalimu alinitazama kwa macho yote mawili.

"Mtu aliyeshindwa shule kwa kukohoa anamfundisha mwalimu," akasema. "Suka mkeka wako, mwali. Siku ya kukutoa nje nitakuja nikuchezee ngoma."

Akaondoka na kapu. Jibu zuri kabisa lilinijia wakati yeye ameshavuka mto: kwamba tangu Kristo aje, kila mtu hutoa kama alivyokusudia moyoni, bila kulazimishwa, na kwamba aliyepima mpaka majani ya mboga akasahau huruma alikwisha kukemewa na Kristo mwenyewe. Nikamwambia chungu. Chungu kilikubali.

Mwaka uliofuata mvua haikujua kwao. Maharage yalioza yangali shambani, mpunga wa mlimani ukalala chini kama mlevi. Mama alipeleka kanisani kikapu kidogo cha alichoweza. Mwalimu akaja kutafuta kilichobaki. Alipekua vihenge, akakuta vitupu, akainua macho darini, juu ya meko, mahali ambapo mama alitundika mbegu za mahindi zikolee moshi zisiliwe na wadudu.

"Na hayo?"

"Hayo si chakula, mwalimu. Hayo ni mwaka ujao."

"Mungu atakupa mwaka ujao."

"Akinipa, nitakuwa na cha kupanda. Mbegu sitoi."

Mwalimu akachukua kapu lake. "Haya. Tutaonana Pasaka," akasema, kwa upole kabisa, na upole ule ndio nilioanza nao kumchukia.

Pasaka padri alipanda. Mama alikuwa amefunga Kwaresima nzima, mwaka ambao hata wasiofunga walifunga. Aliifua merikani yake kwa maji ya majivu mpaka ikaumiza macho. Kitu alichokingoja mwaka mzima kilikuwa kimoja, kupiga magoti mbele akapokea komunyo ya Pasaka. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa shukrani ya mwenye milima kwa ngoto aliyoleta. Tulifika mlangoni mvua ikiwa imeanza. Mwalimu alikuwa amesimama pale akiwapitisha watu, na mama alipofika alilaza fimbo yake ikakingama mlangoni.

"Wewe subiri nje."

"Nimefunga, mwalimu."

"Mungu hajapata chake. Subiri nje."

Hakukuwa na upenu wa maana. Mama alisimama kwenye mchirizi, pale ambapo maji ya paa yanashukia, na misa ikaanza. Nilikata jani la mgomba nikamfunika, jani likachanika, nikakata jingine. Padri alikuwa mzee wa miwani, na ndani mlikuwa na giza. Watu walipoitikia, mama aliitikia kutoka nje, amechelewa kidogo kwa sababu mvua ilikuwa ikila maneno. Aliimba mpaka mwisho. Merikani ilikuwa imemganda mwilini, na rangi yake imekuwa ya udongo uliorukia kutoka chini.

Sikumwona akilia. Kama angelia pengine ningekuwa nimesamehe.

Padri aliondoka siku ileile, punda wake ameshikwa na mwalimu, na maneno yake yote na wanakijiji yamepitia kinywa cha mwalimu, maana padri alijua Kiswahili lakini Kiluguru hakukijua. Nikaapa nitamfuata misheni nimweleze. Nilifika mtoni. Mto ulikuwa umejaa, na kusema kweli nyumbani tulikuwa tumeacha magimbi motoni.

Kwa hiyo nikaanza kulipiza kisasi nikiwa nimeketi. Nilimchomea mwalimu nyumba mara nyingi, moyoni. Nilimsukuma kwenye majabali, nikamrudisha, nikamsukuma tena kwa sababu mara ya kwanza hakupiga kelele za kutosha. Siku moja nikafanya kitu kwa mikono: nilikwenda porini kuchuma upupu, nikikusudia kuupaka kwenye kiti chake cha kanisani. Waliowahi kuchuma upupu wanajua kwamba kwanza hutazamwa upepo. Nilijikuna siku ile mpaka nikakosa adabu. Mama alinipaka majivu mwili mzima, akanikalisha mbele ya moto, akasema, "Sasa ndiyo umekuwa mwali kweli. Waliowekwa ndani hupakwa hivihivi."

"Nilikuwa nakulipizia wewe."

"Naona. Geuka mgongo."

Kisha mama yake mwalimu akafariki.

Alikuwa bibi kutoka Mlali, ameletwa na mwanawe alipougua, mtu asiye na neno na mtu. Hapo ndipo mwalimu alipovuna alichopanda, na kukielewa yapasa kujua kwamba ukoo wao na wetu ni watani. Huku kwetu mtani ndiye mwenye msiba. Wafiwa hulia tu. Watani ndio wanaoosha maiti, wanaochimba kaburi, wanaopika, na katikati ya hayo yote hutania, huigiza, hunyang'anya vitu, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mwalimu alikuwa amehubiri kwa muda mrefu kwamba utani ni ushenzi. Alituambia watani, mbele ya altare, tusimkanyagie msiba wake hata siku moja. Alidhani Wakristo wenzake watamzikia. Hakuwaza kwamba Wakristo wa kanisa lile walikuwa ama sisi watani wake, tuliokatazwa, ama ndugu wa mkewe, na mkwe hagusi kaburi la mkwewe hata akipigwa kiboko na Boma. Ukoo wake wote ulikuwa nyuma ya mlima.

Asubuhi ikapita hakuna aliyeshika jembe. Tuliketi kila mtu nyumbani kwake, watiifu kabisa kwa mahubiri. Nimekuwa mtiifu mara chache maishani lakini sijawahi kufurahia utiifu kama ule.

Mchana mvua ilianza, nikasikia hodi. Niliijua sauti. Mama, aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa ukoo wetu, alikuwa chumbani akijilaza. Nilichungulia nikamwona mwalimu amesimama mlangoni, kanzu imelowa, hana kapu. Paa letu lilikuwa la nyasi, na mchirizi wake ulikuwa unamshukia katikati ya kofia.

"Mama yupo?"

"Yupo."

"Naomba kuonana naye."

Nilikuwa nimeyatunza maneno yale tangu Pasaka. Nilikuwa nimeyatundika juu ya meko yakolee moshi.

"Wewe subiri nje," nikasema.

Nikarudi kwenye kigoda changu, nikachochea moto, nikageuza gimbi. Nikaligeuza tena. Kutoka pale nilikaa nikitazama maji yakimwingia shingoni, naye hakuondoka wala hakusogea, kwa sababu alikuwa na maiti ya mama yake nyumbani na hakuwa na kwingine pa kwenda. Ninajua nilivyopaswa kujisikia. Nilijisikia vizuri sana.

Mama akatoka chumbani, akamwona, akanitazama.

"Kafika saa ngapi?"

"Sasa hivi," nikasema.

"Kanzu haiwezi kulowa hivyo sasa hivi." Akamgeukia. "Ingia, mtani."

"Usimwingize," nikasema. "Na usiende. Mwache azike na fimbo yake."

"Marehemu hakunikosea," mama akajibu. Kisha akamtazama mwalimu kutoka kofia mpaka miguu, polepole, nami nikaona uso wake ukibadilika kama uso wa mtu aliyekumbuka mahali alipoweka kisu. "Mimi na wewe ndio tutaonana."

Akajifunga kaniki. Mlangoni akaniita: "Inuka, mwanangu. Leo mwali anatoka."

Hakuniita mwali tena baada ya siku ile, ila wengine hawakuacha.

Msibani mama aliosha maiti pamoja na dada zake, kwa heshima yote, mlango umefungwa. Wajomba zangu walichimba kaburi. Nami nilichimba, watakaobisha wamekufa. Mama alipomaliza kazi ya ndani alitoka, akaingia jikoni kwa mwalimu bila hodi, akatoka amevaa kofia nyeupe na mkononi ana lile kapu. Alifumba jicho moja.

Uwanjani mtu akacheka puani.

Alianza kwa wapishi. Alipima maharage yao kwa bakuli, la kumi akalijaza mlima. Akachukua kuni: "Hizi tisa zenu, huu mnene wa Mungu." Akamfikia mjomba mmoja akivuta tumbako, akamnyang'anya kiko, akavuta, akamrudishia: "Tisa zako." Akaenda kwa mwanamke mmoja wa upande wa mkewe mwalimu aliyekuwa akilia kwa sauti kubwa kuliko huzuni yake.

"Umelia machozi mangapi?"

"Mtani, niache."

"Kumi yanafika? La kumi weka humu. Hilo dogo sitaki, toa lile."

Mwanamke yule alicheka huku kamasi zikimtoka. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye mkeka wa wafiwa akitazama chini, na kila watu walipocheka ilimbidi naye acheke, kwa sababu mbele ya mtani hakuna hasira. Nilimhesabia kila kicheko.

Katikati ya hayo padri akafika, amepanda kwa ajili ya mazishi, maana mwalimu alimpelekea habari tangu usiku. Aliteremka kwenye punda akamkuta mwanamke mwenye kofia ya mwalimu akipita na kapu. Akauliza kwa Kiswahili kuna nini. Mwalimu akainuka haraka amweleze, lakini mjomba akamkalisha: mfiwa hasimami. Ndipo watu wote wakanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza shule ile ya bondeni ikanifaa. Nikatafsiri. Nilitafsiri bakuli, mayai, mchicha na kuku. Nilitafsiri mbegu za darini. Nilipofika Pasaka nilisema polepole, neno kwa neno, nisije nikaacha tone.

Padri alivua miwani akaifuta, akaivaa, akamtazama mwalimu, kisha akafungua kitabu chake cha sala. Alikuwa amekuja kuzika.

Tulipofika kaburini, mama alikuwa ametangulia. Alikuwa ameingia ndani ya shimo, ameketi humo, miguu ameinyoosha, kapu mapajani. Hiyo pia ni haki ya mtani: huketi kaburini mpaka wafiwa wamkomboe, na anachopewa pale hakirudishwi tena.

Mwalimu alileta kuku. Mama akatikisa kichwa. Akaleta mbuzi, akamfunga kwenye mti. Mama hakumtazama.

"Unataka nini, mtani?" mwalimu akauliza. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Nataka mlango wangu."

Mvua ilikuwa imekatika na kila mtu alisikia. Padri akaniinamia nimtafsirie, nikamtafsiria.

"Mlango ni wako," mwalimu akasema.

"Kwa bakuli ngapi?"

Akakawia. Nilitamani akawie zaidi.

"Bila bakuli," akasema.

Mama akanyoosha mkono, na mtu aliyemvuta kutoka shimoni alikuwa mwalimu mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Tukamzika yule bibi vizuri. Baadaye padri alituambia, mimi nikiwa kinywa chake, kwamba Mkristo anapaswa kulisaidia kanisa lake kwa kadiri ya uwezo wake na moyo wake, na kwamba hakuna atakayesimamishwa mvuani kwa ajili ya kapu. Kwamba fungu la kumi ni lazima au si lazima hakusema waziwazi. Alisema tu, "Toeni, lakini toeni," nami nikaitafsiri hivyohivyo, sentensi isiyo na mkia. Asubuhi yake alisoma misa, na mama akapiga magoti mbele, merikani yake ikiwa na udongo mwekundu wa kaburi ambao hakuupangusa.

Jumapili iliyofuata nilimkuta anakata mkungu mkubwa kuliko wote shambani, mkubwa kuliko fungu la kumi la migomba yote tuliyokuwa nayo.

"Unampelekea yule?" nikauliza.

"Nampelekea mwenye milima."

"Atakayeupokea ni yule."

"Basi aupokee. Ataona mzito." Akauinua kichwani. Aliimba njia nzima, nilimsikia mpaka mtoni.

Kapu lilibaki kwetu. Kuku alilipenda, akaatamia humo, na kila mwalimu alipopita nilimwarifu kutoka dirishani: "Mwalimu, wametotoa." Alikuwa anajibu, "Mungu awabariki," kwa meno.

Mama alimsamehe, hilo nalijua, kwa sababu alimtengea gimbi kila alipokuja kuwatembelea wagonjwa wetu. Mwalimu alizeeka akiwa mtu wa kawaida tu, mwenye magoti mabovu. Nami nilimkaribisha, sikuwahi kumnyima kiti. Lakini kama ni masika na akapiga hodi, kulikuwa na gimbi la kugeuza kwanza, na kuni za kusogeza, na mimi huwa siinuki haraka.